Sauti ya Bandani

Enzi za ukoloni, mume wangu alitunza farasi kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale. Kila akija nyumbani kwetu Sirisia alikuwa mtu wa kufoka. Chai, maji, viatu, vyote aliviitisha kwa kelele.

Siku moja nilimpelekea kuku wa kukaushwa. Nikamkuta bandani na farasi jike aliyerusha mateke kila alipoona tandiko. Mzungu alikuwa amemchapa mpaka mkono ukachoka. Mume wangu alikuwa amelaza tandiko chini, akamwaga mahindi juu yake, akachutama kando.

“Njoo, mama,” akamwambia farasi. “Usiogope. Hakuna mtu atakuharakisha.”

Kikapu cha kuku nusura kiniponyoke. Farasi akasogea, akanusa, akala juu ya kitu kile kile alichokichukia. Mimi bado nimeduwaa mlangoni. Miaka yote ile, kumbe sauti hiyo anayo!

Akageuka, akaniona. “We! Umesimama hapo kufanya nini? Lete hicho kikapu!”

Nikakaa chini, kikapu mapajani.

“Niambie kama ulivyomwambia huyo,” nikasema. “Hata mimi nimechoka kuogopa.”