Kichwa cha Dada na Wembe wa Pasi

"...Basi kama ni vipele tu, si mumpake dawa muendelee na upasuaji? Mmemnyima kula tangu jana, leo mnamrudisha kwa vipele?"

Kinyozi alisimama katikati ya wodi, mikono kiunoni. Mtaani wanamwita Pasi, maana kichwa kikitoka kwake kimenyooka, hata nzi anateleza. Kitandani alikaa dada yake mkubwa, aliyemlea toka mama yao afariki, kipara kitupu. Ndani ya kichwa hicho kulikuwa na uvimbe unaokandamiza mshipa wa jicho la kushoto. Kila wiki jicho lilizidi kufifia.

Muuguzi hakupandisha sauti. "Kaka, vina usaha. Daktari akipasua hapo, uchafu unaingia mpaka kwenye ubongo. Ngozi ipone kwanza. Nani alimnyoa?"

Pasi akashusha mikono kutoka kiunoni.

Siku tatu nyuma alimkalisha dada kwenye kiti chake cha kazi. Dada hakutaka. Nywele zake zilifika mabegani na alizipenda.

"Si wataninyoa wenyewe huko hospitali?"

"Wale? Watakufyeka kama wanapalilia. Kichwa cha dada yangu hakiguswi na mtu asiye fundi. Kaa, acha maneno."

Akapitisha mashine, kisha wembe, kisha akarudia wembe kinyume na nywele zinavyoota, mara mbili, ili king'ae. Dada akaguna.

"Jitu zima linaogopa kinyozi."

"Ningekuwa naogopa vinyozi nisingekulea wewe."

Wakacheka. Alipomaliza akampiga picha, akaibandika ukutani wateja waone kazi.

"Sisi tunapunguza kwa mashine tu," muuguzi akaendelea, "asubuhi ileile ya upasuaji. Upana wa vidole viwili, hapa juu ya sikio. Nyingine zinaoshwa kwa dawa, zinabaki."

Vidole viwili. Pasi akakumbuka zile nywele alivyozifagia, akazitupa kwenye ndoo pamoja na za watu wengine.

"Mimi ndiye nilimwomba aninyoe," dada akasema haraka haraka. "Msimlaumu mdogo wangu."

Hapo uso wa Pasi ukawaka moto. Angetukanwa, angejua la kujibu. Lakini dada alikuwa anamkingia kifua vilevile kama zamani, Pasi alipokuwa mtoto akivunja vioo vya majirani, na leo aliyeumizwa ni dada mwenyewe. 

"Anadanganya, nesi," akasema, macho sakafuni. "Alikataa. Mimi ndiye nilimlazimisha."

 Dada akavuta shuka, akajifunika kichwa.

Upasuaji ulifanyika baada ya siku kumi na mbili. Dada yupo, anatania watu, nywele zinaota. Jicho la kushoto limezima. Kama ni kwa sababu ya zile siku kumi na mbili, daktari hajasema, na Pasi hajapata ubavu wa kumuuliza. Picha ameibandua ukutani.

Sasa na wewe unayesoma. Una mgonjwa anayesubiri kupasuliwa kichwa? Weka wembe chini. Nenda wodini ukaulize kwanza. Na kama wewe ni kinyozi, mgonjwa wa hivyo akikalia kiti chako, mwinue, mrudishe kwao na nywele zake.