Kitambulisho cha Mama Madhabahuni

Ndugu yangu alinivunja jino ndani ya kanisa, mchana kweupe, waumini wote wakitazama. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani naelekea kusimulia habari za kupatana. Sijapatana na mtu.

Kanisa letu liko Kalamba, nyuma ya soko. Kwa miaka mingi lilikuwa na paa nusu, na mvua ikinyesha tulisongamana upande wa madhabahu kama mbuzi. Mwaka wa uchaguzi paa likakamilika ghafla. Mabati yaliletwa na mgombea wa wadi yetu, mfanyabiashara aliyekuwa akiishi Makindu, na Jumapili iliyofuata akapewa mimbari. Hakuhubiri. Aliomba kura huku pasta akiwa amemshika mkono na kuuinua juu.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa elimu ya uraia. Nilipata mafunzo Kitui mjini, nikarudi na fulana na kofia, na siku za soko nilisimama karibu na wauza ndengu nikieleza kwamba taifa halina dini yake, na kanisa halina haki ya kumchagulia mtu kiongozi. Watu walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaniuliza kama kofia zingine zipo.

Pasta alikuwa na akili kuliko mimi. Alitangaza kwamba kila mtu alete kitambulisho chake cha taifa kipakwe mafuta, ili shetani asivuruge uchaguzi. Wakaleta. Wazee walivifungua kutoka kwenye leso, vijana wakavitoa kwenye mifuko ya nyuma, wakavipanga madhabahuni. Pasta akavipaka mafuta, akavitia kwenye sanduku la chuma, akafunga kufuli. Akasema vitabaki hapo hadi asubuhi ya kupiga kura. Kila mtu angesimama mbele ya kanisa, ataje jina la mgombea aliyeleta mabati, ndipo apewe chake. Asiyetaja angekaa nyumbani.

Mtu wa mbali atashangaa kwa nini hakuna aliyedai chake siku hiyo hiyo. Sisi Wakamba tuna kithitu, kiapo cha zamani ambacho mtu akikivunja kinamuua yeye na watoto wake. Kanisani kithitu kinalaaniwa kila wiki. Lakini hofu yake haikutoka ndani yetu. Ilihamia tu kwenye madhabahu, na pasta, ambaye ni mtoto wa huku huku, alijua hivyo vizuri sana.

Mama yangu alikuwa ametoa kitambulisho chake pia. Nilipomkuta nyumbani akichambua pojo, nilikuwa nimewaka.

"Mwaitu," nikamwambia, nikimwita mama kwa lugha yetu, "nitaenda kukuchukulia hiyo kitambulisho."

"Wacha. Kitu ikiwekwa kwa madhabahu haitolewi. Mjomba yangu alicheza na kithitu akazika watoto wake wote. Wewe hukuona. Mimi niliona."

"Hiyo ilikuwa kithitu. Hii ni kitambulisho ya serikali."

"Tofauti ni gani? Zote zimeapiwa." Kisha akaacha pojo, machozi yakamtoka. "Lakini mimi sitasimama mbele ya watu nitaje jina ya mtu kama mtoto wa Sunday school. Na sijawahi kukosa kupiga kura."

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mbele yetu: ama ataje jina, ama akose kura. Kura yake nilijua ingekwenda wapi. Kulikuwa na mama mmoja mgombea ambaye alihangaika hadi tukajengewa bwawa la mchanga mtoni, ukuta unaohifadhi maji chini ya mchanga, na tangu hapo punda wa mama hakwenda mbali kutafuta maji. Sikuona haja ya kuuliza.

Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi nilisimama wakati wa matangazo. Nikasema ni kosa la jinai kumnyima mtu kitambulisho chake, na kwamba nimekuja kuchukua cha mama yangu.

"Dada, keti," pasta akasema kwa upole. Sikuketi. Nilikwenda mbele hadi kwenye sanduku.

Ndugu yangu alikuwa mkuu wa mashemasi. Alinishika shingo kutoka nyuma, nami nikamng'ata mkono hadi nikahisi ngozi yake imepasuka. Pasta akaiambia kwaya iimbe. Wakaimba, tena kwa nguvu na makofi, ili walio nje wasisikie. Ndugu yangu akaokota mguu wa benchi lililovunjika, akanipiga nao mdomoni. Nilianguka. Mashemasi wengine wakanikanyaga mbavu kwa viatu walivyovipiga rangi asubuhi kwa ajili ya Mungu. Nilitema jino. Nilichohisi kilikuwa chuki, zaidi ya uchungu. Ningekuwa na panga ningelitumia.

Mlangoni mwa kanisa letu kuna kipande cha reli kinachoning'inia, ndicho kengele yetu, na nondo ya kukigongea. Sikumwona mama akiifuata. Nilisikia tu mfupa ukivunjika. Alikuwa amempiga ndugu yangu mkononi, mwanawe wa kwanza, aliyemzaa kwa taabu na kumwita baraka. Alipiga tena, begani. Kwaya ikanyamaza. Kisha akageukia kufuli, akaigonga hadi ikaachia, akalipindua sanduku.

Vitambulisho vikamwagika sakafuni. Kwa muda kidogo watu walivitazama tu. Kisha mwanamke mmoja akainama, na kanisa zima likavamia. Wakasukumana, wakakanyagana vidole, wakavutana nywele, kila mmoja akitafuta sura yake kwenye yale mafuta. Mwanamume mmoja alimpiga jirani yake kichwa kwa sababu wote wawili walidhani picha ni yao. Pasta alitoka kwa mlango wa nyuma. Mama akapata chake, akakipangusa kwa kanga, akaja kuniinua.

Siku ya kura tulisimama foleni katika uwanja wa shule. Mdomo wangu ulikuwa umeshonwa. Ndugu yangu alikuwa nyuma yetu kidogo, mkono kwenye plasta, akitazama ardhi. Mama aliweka kidole chake kwenye mashine, akachukua karatasi zake, akakawia sana nyuma ya kibanda cha kupigia kura.

Yule wa mabati alishinda. Hasira ilinirudia upya, nikamwambia mama angalau kura yake haikumwendea. Nikamuuliza waziwazi.

"Mwaitu, ulimpa yule mama wa bwawa?"

Alikuwa akimvua punda mitungi. Akaendelea kuivua.

"Pasta alitaka kujua," akasema. "Ndugu yako alitaka kujua. Sasa wewe pia?"

Akaingia jikoni. Nilibaki pale uani, ulimi ukigusa pengo, nikijua kwamba pengine aliogopa kiapo akampa mtu wa kanisa, na kwamba sina haki ya kuuliza tena.