Kitumbua Kilichonuka Dagaa

Juzi mdogo wangu alikuja kunitembelea hapa Lushoto, akafungua pakiti aliyoinunua Dar es Salaam, akanipa kidude cheupe cha mviringo, chepesi kama kifuniko cha kopo. "Dada, kula. Ni mchele mtupu, hauna mafuta wala sukari. Daktari wangu anavisifu sana." Nikauma. Rafiki yangu, ni kama kutafuna boksi. Kilininatia kwenye kaakaa, nikakitemea kiganjani mbele yake bila haya.

Mchele mtupu. Maneno hayo yananitia kichefuchefu tangu utotoni, na aliyenisababishia ni yeye mwenyewe, ingawa hajui.

Tulilelewa na bibi, upande wa Bungu, miaka ile ya shamba la pamoja, tukiimba shuleni kwamba tutajitegemea. Chakula chetu kilikuwa bada, yaani ugali wa muhogo, kwa maharage na mboga chungu. Mchele ulipanda mlima kutoka Magoma, kule bondeni, vichwani mwa watu, ukaliwa sikukuu. Mama alipofariki, mdogo wangu akakosa ziwa mapema, bibi akamtunzia mchele wote, akawa anamkaangia vitumbua asubuhi, mchana na jioni. Sisi wengine tulimeza mate tu.

Mtoto akanenepa, majirani wakasifu. Kisha nywele zikawa nyekundu, miguu ikavimba hata ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, na kicheko kikamwisha. Mganga wa zahanati akasema, "Bibi, huo si unene. Mchele peke yake haumjengi mtoto. Mtilie maharage, mtilie dagaa, la sivyo utampoteza." Bibi alilia njia nzima.

Jirani yetu hakuwa mtu wa kulia. Alisaga dagaa na maharage juu ya jiwe, akachanganya na unga wa mchele, akakaanga vitumbua kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia kila kitu. Vilitoka vya kijivu, macho ya dagaa yakikutazama. Vilinuka hadi kwenye blanketi, na darasani hakuna aliyetaka kukaa nami. Maana ni mimi niliyetakiwa kuonja kwanza ili mtoto aige. Nilimeza nimeziba pua. Mtoto alitapika, tukampa tena. "Kinachonuka ndicho kinachokaa mwilini," alisema jirani.

Asubuhi moja nilikunja uso vibaya zaidi ya kawaida, mtoto akanitazama, akacheka. Bibi akaketi chini palepale.

Sasa bibi hayupo, jirani hayupo, na lile jiwe la kusagia limekuwa kikanyagio mlangoni pangu. Mdogo wangu alikitazama nilichotema, akasema kwa upole kwamba bibi angevipenda hivi, vilivyo vyeupe kama vile alivyokuwa akimkaangia. Bibi alimsimulia vyeupe tu; vile vingine aliona aibu kuvitaja. Nimebaki mimi peke yangu ninayejua kilichomponya, na nikiikumbuka harufu yake, hadi leo huziba pua.