Siku Niliyomwaga Maji ya Mvua

Juzi, kwenye televisheni ya mgahawa hapa Babati, niliona watu waliovaa nguo nyeupe wakichota maji ya mto wa Japani kwenye vichupa. Nikaiweka chini glasi yangu ya maji.

Nilikuwa darasa la pili. Nyumbani kwetu Maisaka bomba lilikuwa limekauka, na tulibakiwa na robo pipa ya maji ya mvua, yananukia bati na majani. Redio ilisema kinu cha nyuklia kimelipuka Japani, maji yameingia sumu isiyoonekana wala kunuka, na watoto wachanga wasiyanywe. Leo najua Japani iko mbali kiasi gani. Lakini pikapu ya Baba Neema, jirani yetu, ilitoka Japani. Kama magari yao yanafika Babati, maji yao yangeshindwaje?

Mama alikuwa jikoni akimkorogea uji mdogo wangu, ambaye hata meno hakuwa nayo. Nililisukuma pipa kwa mgongo mpaka likaanguka.

Mama alitoka mbio. "We Rehema! Umefanya nini?"

"Yana sumu, mama. Redio imesema watoto wachanga wasinywe."

Aliinua mkono, nikafumba macho. Kofi halikuja. Nilipofumbua, alikuwa amerudi jikoni, ameinamia sufuria, anaunusa ule uji. Aliunusa kwa muda mrefu, huku mdogo wangu akilia njaa mgongoni kwake.

Kisha akautoa nje wote, akaumwaga juu ya tope langu.