Mdudu Asiye na Mdomo

Vumbi la mawe ya sabuni lina harufu, na anayebisha hajawahi kulala nalo puani. Kwetu Tabaka tulikula nalo, tukasali nalo, na mama alikuwa nalo kwenye nyusi hata siku ya Krismasi. Yeye alipiga msasa vinyago ndani ya beseni la maji, baba akachonga. Baba tulimwita Tata na mama tulimwita Baba, maana ndivyo lugha yetu, Ekegusii, inavyotaka. Siku nilipomweleza mwalimu mmoja mgeni kwamba Baba amejifungua mtoto wa kike, alicheka hadi akaketi. Nikajua mapema kwamba jina la kitu na kitu chenyewe ni mambo mawili.

Nilikuwa darasa la sita, mvua za Aprili zimekolea, nilipoanza kugeuza mawe kijitoni juu ya nyumba yetu. Chini ya jiwe moja nilikuta mdudu bapa, mrefu kama punje ya mchele, ameling'ang'ania jiwe utadhani ana deni nalo. Nilimtia kwenye bakuli jeupe ambalo Tata alikuwa amelitupa kwa sababu ya ufa, na humo nikamwona vizuri. Miguu sita, kila mguu na ukucha mmoja. Mikia mitatu, myembamba kuliko nywele zangu. Kandokando ya tumbo alikuwa na vijani vilivyopepea bila kupumzika, na nilipokaa sana nikaelewa kwamba anapumua navyo. Nilimtunza siku nne, nikimbadilishia maji asubuhi na jioni. Siku ya tano alipanda ukingoni, mgongo ukapasuka, akatoka mwingine mwenye mabawa ya rangi ya moshi. Kesho yake alivua ngozi tena, mabawa na yote, akabaki anang'aa kama kioo. Nilimsogezea sukari, hakuigusa. Nikamchunguza kichwa, nikatafuta mdomo, sikuuona.

Nilimuuliza Tata anaitwa nani.

"Hana jina," alisema bila kuinua macho. "Kumbikumbi tunamla, ana jina. Mbu anatuuma, ana jina. Huyu anakufanyia nini?"

Wiki ile mwalimu wa sayansi alituambia tuchore mdudu tunayemjua na kutaja sehemu zake. Wenzangu walichora nzi na panzi. Mimi nilimchora wangu, bila mdomo. Mwalimu alichora alama ya mkasi kwa wino mwekundu juu ya ukurasa mzima, akaniuliza mbele ya wote mdudu huyo anakula kwa kutumia nini. Nikasema hali. Darasa likaangua kicheko. "Njia ya mwongo ni fupi," mwalimu akasema. "Ijumaa umletee mdomo, au utuletee mdudu mwenyewe." Nilimleta ndani ya kiberiti, lakini alikuwa ameshakufa na kukauka, na kwa vile nilikimbia njia nzima, nilipofungua palikuwa na mabawa mawili na vumbi. Nilipewa hadi Jumatatu. Sikuogopa kiboko kama nilivyoogopa kuitwa mwongo, maana ningeitwa hivyo hadi darasa la nane.

Jumamosi nilimkamata mwingine akiwa hai, nikamfunika kwa glasi, nikampelekea Tata nikalia. Nilimwomba amchonge kwa jiwe, mkubwa kama kiganja, asikauke. Tata alikuwa na oda ya twiga kumi na wawili. Twiga wake wote walitoka kwenye kalenda ya duka la mbolea, na simba pia, maana hakuwahi kuona hata mmoja wao. Aliitazama glasi, akasukuma twiga kando. "Sasa huyu atanitazama nikimkosea," alisema. Alichukua miwani ya nyanya yangu ya kusomea Biblia, akaishika mbali na jicho ili imkuzie, akakaa hivyo mpaka uji wake ukapoa. Miguu aliilaza tumboni ili isivunjike, akaniomba radhi kwa hilo, akaniambia jiwe lina masharti yake. Mimi nilisimama begani pake nikirudia, "Tata, usimwekee mdomo." Yeye aliendelea kuitazama glasi. Jioni mama alimpiga msasa kwa upole ambao twiga hawakuwahi kuupata.

Jumatatu mwalimu alimgeuzageuza mkononi. "Baba yako huchonga pia simba wanaocheka," alisema, na darasa likacheka, nami nikacheka kidogo kwa kuwa ilikuwa kweli. Hakufuta ule mkasi. Lakini yule wa jiwe alimweka mezani pake hadi muhula ukaisha, na mara mbili nilimkuta akimtazama peke yake.

Sasa kazi yangu ni wadudu wa mitoni. Mwaka huu nilirudi kwenye kijito chetu. Chini ya nyumba, maji ya msasa yameyafanya mawe kuwa meupe, na nimegeuza mengi bila kukuta kitu. Nilipanda juu zaidi, penye maji safi, nikamkuta, nikamlea hadi akaota mabawa. Nimetafuta katika orodha zote nilizo nazo, hayumo. Tata alisema kweli, hana jina, na anayetakiwa kumwandika kiungo kwa kiungo kabla hajapewa ni mimi. Niliandika kucha, mikia, vijani vya tumboni alivyokuwa navyo majini, kisha mabawa. Nilipofika kichwani niliandika "Mdomo: hana", kama nilivyotetea tangu darasa la sita, ndipo nikaweka hadubini sawa. Pale mdomo unapokaa palikuwa na kitu. Kidogo sana, kilegevu, hakiwezi kula, ila kipo.

Yule wa jiwe hukaa juu ya meza yangu, amebakiwa na mikia miwili. Nilimweka chini ya hadubini. Chini ya kichwa, mahali palepale, pana pigo moja jepesi la ncha ya kisu ambalo miaka yote nilidhani mkono uliteleza.

Nilimpigia simu. Tata ni mzee sasa, husikia akitaka. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa unalia, mama," akasema. "Tena hukuniuliza nimeona nini. Uliniambia nione nini."

Nilirudi mezani nikafuta neno "hana".