Upande Wangu wa Gunia

Chuo chetu hapa Machakos kilipogeuzwa kuwa tawi la chuo kikuu, sisi vibarua wa jikoni tuliambiwa wengine wataandikwa kazi ya kudumu na wengine watarudi nyumbani. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo mkiona nimekosea kueleza mahali, si kwa kutaka.

Nilikuwa nikichagua maharagwe na mama mmoja wa Masii. Tulimwaga gunia juu ya turubai, kila mtu akakaa upande wake, akitoa mawe. Macho yake yalikuwa yameanza kumkataa. Siku nyingi nikimaliza upande wangu nilipitia na wake, bila kumwambia. Siku hiyo sikupitia. Pengine nilichoka. Pengine si hivyo.

Saa ya chakula mwanafunzi mmoja akauma jiwe, jino likavunjika. Makomredi, ndivyo wanafunzi walivyojiita, walikuwa na desturi yao: jikoni ikikosea, wanagonga vijiko kwa meza mpaka mwenye makosa atoke, amalize sahani nzima mbele yao. Wakaanza kugonga. Meneja akaingia jikoni mbio.

"Nani alichagua hizi?"

"Ni sisi wawili," nikasema. Hiyo ilikuwa kweli. Halafu nikaongeza, "Lakini huyu mama haoni vizuri." Hiyo pia ilikuwa kweli. Kwamba jiwe lingeweza kuwa la upande wangu, hilo sikulisema.

Mama akatolewa nje, akawekewa sahani.

"Mathe, tafuna!"

"Susu, ongeza supu mawe yateleze!" mwingine akadakia, akimwita nyanya kwa Kikamba.

Alipapasa kila harage kwa kidole kabla ya kulitia mdomoni, na hapo ndipo walicheka zaidi. Meneja alikuwa amesimama mlangoni, akaona. Si wote walicheka, lazima niseme. Yule wa jino mwenyewe, amefunika mdomo na leso, alisema, "Wacheni, imetosha." Hawakumsikia. Mama alimaliza sahani.

Ijumaa barua zikatoka. Yake aliniletea nimsomee. Nilisoma yote, sikuruka neno: kazi yake ilikuwa imekwisha, arudishe aproni.

"Haya," akasema, akaikunja vizuri. "Na yako, mwanangu, inasemaje?"

Nikamsomea na yangu: nimeandikwa kazi ya kudumu.