Kiingereza cha Papa na Yaya

Kiwanda kilipozima mashine, papa, baba yetu, alibaki nyumbani Likasi, amevaa ovaroli safi, hana pa kwenda. Unga ulikuwa ukitoka Zambia, na kila mtu alitaka Kiingereza cha kubishania bei. Yaya, dada yangu mkubwa, akajiandikisha kwenye darasa la Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, mtaa wa Kikula. Papa akamfuata. Yaya kwa aibu akakaa benchi la mbele, papa la nyuma, mimi katikati.

Yaya alikuwa ameimeza kamusi. Akisonga bukari, ugali wetu, anakariri. Mara mbili tuliila imeungua. Papa alijua maneno machache, lakini hakuishiwa la kusema.

Siku moja mwalimu, kijana aliyesoma chuoni Mulungwishi, alituambia tuandike habari za safari. Yaya aliandika, akafuta, akaandika tena. Muda ulipokwisha alikuwa na mistari mitatu. Papa alikuwa ananiomba karatasi nyingine.

Mwalimu akasoma kazi ya papa, akitutafsiria: "Nilienda Tshangalele. Maji makubwa. Nilikamata samaki. Samaki alirudi majini. Nililia kidogo. Mke wangu alicheka sana."

Darasa zima likacheka.

"Mwalimu, hata neno la ziwa haijui!" yaya akalalamika.

"Lakini samaki ulimuona, hapana?" papa akamjibu.

Kisha mwalimu akasoma ya yaya. Maneno yalikuwa mazuri ajabu, ila hatukujua kama alikuwa amepanda treni au amezikwa.

"Weye uko na maneno mingi," mwalimu akamwambia kwa upole. "Papa iko na pumzi. Mukae pamoja."

Wakakaa pamoja, wamenuna. Papa anasimulia, yaya anatafuta neno. Papa anataka kuendelea, yaya anamshika mkono. Waligombana Jumamosi nyingi, mpaka nikahamia benchi jingine. Lakini polepole yaya akaacha kufuta, na papa akaanza kuuliza, "Hii inaitwa namna gani?" kabla ya kubuni neno lake.

Mwishowe waliandika kurasa nne juu ya mama. Mama akazigeuza juu chini, macho makali.

"Munasema nini humu?"

"Tunakusifu," papa akasema.

"Kurasa ine?"

"Ingekuwa tano, binti yako alikata."

Mama akavuta kiti. "Basi musome yote. Na kama munanisema mubaya, nitajua tu."

Wakasoma kwa zamu. Mama hakuelewa hata neno, lakini kila walipopumzika alisema, "Endeleeni."